Shajara ya mradi: jinzi saba kuwa koti, mashati matano kuwa gauni, na mabaki yake

Naweka hii shajara kwa ajili ya yeyote anayetaka kujaribu kitu kama hiki, aone nilipoanguka asianguke palepale. Gharama naziandika kwa saa, sindano na uzi, maana bei kila mtu anaijua ya kwake. Kule mambo yalipoenda vizuri nitapita haraka, sina cha kusimulia.

12 Februari: mradi umetoka

Mradi wa mwisho wa mwaka kwenye masomo yangu ya ushonaji ni kutengeneza vitu vitatu kwa sharti moja, hakuna kitambaa kipya. Unaruhusiwa kununua uzi, sindano na kile kitambaa kigumu cha kubandika ndani ya kola, basi. Vingine vyote vitoke kwenye nguo ambazo mtu ameshazivaa akazichoka.

Nimeomba ndugu na marafiki, nimepata jinzi kumi na mashati sita ya kiume. Usiku huohuo nikachora koti refu, mgongo mpana mmoja usio na mshono, kola kubwa, mikono inayomwagika. Mchoro mzuri kweli, niliutazama mpaka nikalala nao. Weka akilini huo mchoro, tutaurudia.

16 Februari: kufua na kufumua

Kwanza nimefua zote kwa maji ya moto, kama kuna ya kusinyaa isinyae sasa kabla sijakata. Zikakauka, nikaanza kufumua.

Jinzi ya kwanza imenichukua saa 2 na dakika 40. Nilikuwa nafumua kila mshono kwa kile kidude cha kufumulia, hadi ule mshono wa ndani ya mguu ambao kitambaa kimekunjwa kwenye kitambaa halafu kikapigwa mistari miwili, na kwa haraka zangu nikatoboa paja mara tatu. Ya pili saa 2 na dakika 10, ya tatu saa 1 na dakika 45. Kuanzia ya nne nikapata akili: ule mshono mnene usifumue, kata pembeni yake kwa mkasi, unapoteza kama sentimita moja na nusu lakini unaokoa saa nzima. Hizo za mwisho zilikuwa zinachukua chini ya saa moja.

Kingine nilichogundua kwa bahati ni kwenye pindo na mkanda wa kiuno. Jinzi nyingi zimeshonwa hapo kwa mshono wa mnyororo, ukigeuza ndani unauona, uzi umepitana kama viduara vidogo vinavyoshikana. Huo haufumuliwi kimoja kimoja. Ukipata ncha ya upande ambao mashine ilimalizia, unakata uzi mmoja, unavuta, na pindo zima linaachia trrrrr kama zipu. Ukianza upande wa pili utavuta mpaka kesho na hautoki. Nilikaa dakika ishirini nafumua pindo moja kwa kidude, la pili likatoka kwa sekunde tano, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Zile ribiti za shaba zinazogongelewa kwenye pembe za mifuko nimezitoa kwa plaizi, moja imenirukia shavuni, vaa miwani. Zina historia yake, Jacob Davis na Levi Strauss walizichukulia hataza Marekani mwaka 1873 ili mifuko ya suruali za kazi isichanike. Kwa mtu anayefumua ni mkosi tu.

Nimefumua jinzi tisa, jumla saa 12 na nusu. Ya kumi nimeiacha, vidole vimekataa.

24 Februari: jaribio la kwanza limekufa

Nilitaka ule mgongo mpana, na mguu wa suruali haukupi upana huo, kwa hiyo wazo langu likawa kukata vipande vya mraba vya sentimita 15, kuviunga mpaka nipate shuka zima la jinzi, halafu nikate koti kutoka humo. Nimekata jinzi mbili nzima, nimeunga siku mbili.

Kilichotokea ni aibu. Nilipopiga pasi ya mvuke shuka likajikunja, sehemu nyingine zimejaa kama maandazi, sehemu nyingine zimevutwa. Kumbe jinzi moja kati ya zile mbili ilikuwa ya strechi na nyingine ni pamba tupu, na mimi sikuwa nimezipima. Wakati wa kushona ile ya strechi inavutika chini ya mguu wa cherehani (kile chuma kinachobana kitambaa), ukimaliza inarudi ilikotoka na kumburuta jirani yake. Halafu vipande nilivigeuza ovyo ili rangi zichanganyike, kimoja uzi wake wa urefu umesimama, kingine umelala, kwa hiyo kila kimoja kinataka kuanguka upande wake.

Tatizo la pili ni unene. Nafasi ya mshono nilikuwa nailaza upande mmoja, kwa hiyo pale pembe nne zinapokutana sindano inapita kwenye tabaka 6 za jinzi. Nimevunja sindano nne, zote namba 90, na cherehani ikaanza kuruka mishono.

Marekebisho, chukua haya hata kama huchukui kingine:

Pima kwanza. Shika kitambaa kwa upana wake, kivute, kikirudi kama raba ni strechi, kitenge. Kama huna uhakika ni pamba, choma uzi mmoja kwa kiberiti juu ya sahani: pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Sindano ya jinzi namba 100, na sehemu nene 110. Urefu wa mshono milimita 3.5 badala ya 2.5. Nafasi ya mshono ifungue kwa pasi pande zote mbili, usiilaze, na ule mkutano wa mishono ugonge kwa nyundo kabla ya kupitisha sindano, gonga bila huruma, uzi wa pamba unalainika na kulala. Na unapokaribia kupanda pale kwenye nundu, kunja kipande cha jinzi ukiweke nyuma ya mguu wa cherehani ili usimame sawa, mishono haitaruka.

Hasara: saa 9, sindano 4, jinzi 2. Shuka lenyewe sasa ni la kujaribia sindano.

2 Machi: mwalimu kauona mchoro

Nikapeleka mchoro pamoja na lile shuka lililojikunja. Mwalimu akaligeuza geuza, akauangalia mchoro, akaniangalia mimi. "Mwanangu, hapa umechora jora zima. Una jora wewe?" Nikasema hapana. "Una nini?" Nina miguu ya suruali, mwalimu. "Haya kachore miguu ya suruali."

Basi, hakuongeza neno. Nimerudi na hasira yangu yote lakini nikajua kasema kweli. Mimi nilikuwa nimechora koti kama mtu aliyeingia dukani akakatiwa mita nne, halafu nikawa nailazimisha suruali ijifanye jora, na zile saa 9 zote nilikuwa najaribu kutengeneza kwa mkono kitu ambacho kiwanda kinakitoa kwa dakika. Aliwahi kutuonyesha lile sweta la Martin Margiela la mwanzoni mwa miaka ya 1990, limeshonwa kwa soksi za jeshi, visigino vya soksi vimekaa kwenye kifua na kwenye viwiko kwa sababu kisigino tayari kina umbo la kupinda. Nililipenda siku ile bila kuelewa. Pale soksi ndiyo iliyochora sweta.

Nikatandika vipande vyote sakafuni na futikamba mkononi, nikaandika nilichonacho. Kipande cha nyuma cha mguu kina upana wa sentimita 34 pajani na 22 kwenye pindo, urefu 78 kutoka pindo mpaka kwenye njia panda, pale miguu inapokutana. Cha mbele ni chembamba, 28 kwa 20. Juu ya hapo kuna makalio, kila upande kama 25 kwa 24.

Nikaviangalia kama nusu saa hivi. Halafu nikakigeuza kimoja juu chini.

Paja likiwa chini na pindo juu, una pande la koti linalotanuka lenyewe kuelekea chini. Sita zikisimama pamoja, ukitoa sentimita 2 za mshono kila moja, kifuani unapata 120 na chini 192. Koti limejichora! Sijakata hata pembe moja. Mafundi wa zamani wanaotia taharizi ubavuni ili nguo itanuke watanicheka, wao wanajua siku zote.

9 Machi: kielelezo, halafu kukata

Nimeshona kielelezo, yaani koti la majaribio, kwa shuka kuukuu la kitandani, saa 5. Mwili ni zile pande sita, mabega yanatoka kwenye makalio ya suruali (ndiyo, nimeambiwa utani wote unaoweza kuufikiria, makalio mabegani, nimezoea), mikono ni miguu.

Kwenye mikono ndipo nilipojiumiza. Mguu wa suruali tayari ni mrija. Ukiukata sentimita 58 kutoka kwenye pindo una mkono wa koti umekamilika, na pindo lake la kiwandani limeshapindwa, unaunganisha begani tu. Mimi nilikuwa nimeshafumua miguu yote! Kwa hiyo nimekaa nashona upya mishono ileile niliyoifumua kwa jasho wiki tatu kabla, na yangu haijanyooka kama ya kiwanda. Kama unafuata hii kazi, miguu miwili iache mizima tangu mwanzo, na angalia nguo nzima kabla hujashika mkasi, sema mimi nilikuwa na kiherehere.

Sasa kuna kitu kwenye mabega lazima nikieleze vizuri maana ndicho watu wanachokiulizia.

Ukitoa mfuko wa nyuma wa jinzi iliyovaliwa miaka, chini yake kuna kivuli cha mfuko. Kitambaa kinachozunguka kimepauka, karibu kijivu, lakini pale mfuko ulipokaa bluu ni ya siku ya kwanza, imekoza, yenye umbo la mfuko mpaka ile ncha ya chini, na kuzunguka ukingo kuna safu mbili za vitobo vidogo vya sindano, kila kitobo na chembe nyeupe katikati. Kwenye moja kuna na mstatili mwingine ndani yake uliopauka zaidi, mtu alikuwa anabeba pochi au simu upande huo huo miaka yote. Inatokea hivyo kwa sababu indigo haiingii mpaka kiini cha uzi, inaupaka kwa nje, kwa hiyo msuguano ukiila rangi unaanza kuona weupe wa ndani. Ndiyo maana hata upande wa nyuma wa jinzi umepauka, nyuzi za urefu ndizo zilizopakwa indigo, za upana mara nyingi zinabaki nyeupe.

Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kuvifunika hivyo vivuli kwa viraka. Nikakata na viraka kabisa. Halafu nikavibandika kwa pini, nikatundika, nikaviondoa. Nimeacha vivuli wazi mgongoni, kimoja kila bega.

17 Machi: rangi, kosa jingine

Jinzi mbili kati ya saba zilikuwa za bluu ya mbinguni na zilikuwa zinapiga kelele katikati ya wenzake. Nikaamua kuzitia giza kwa majani ya chai na kutu. Kanuni yake ni rahisi, tanini ya kwenye chai ikikutana na chuma inageuka kijivu mpaka karibu nyeusi. Unachemsha kitambaa kwenye chai nzito, halafu unakichovya kwenye maji ya misumari yenye kutu iliyokaa kwenye siki wiki moja na zaidi.

Kimekuja na mabaka kama ng'ombe.

Makosa matatu. Nilitia kitambaa kikavu, pale palipolowa kwanza pakanywa rangi yote. Sufuria ilikuwa ndogo, vitambaa vimejikunja kama nguo kwenye begi, kila mkunjo umeacha mstari. Na sikujaribu kwenye kipande kidogo kwanza kwa sababu nilikuwa nimeshachoka na nataka kuona matokeo. Nimerudia kipande kimoja kwa kukiloweka usiku kucha kwenye maji matupu, sufuria kubwa, kugeuza bila kuacha, kimetoka vizuri, kijivu cha mawingu. Halafu zile nyuzi za mshono wa juu za rangi ya chungwa zimebaki chungwa vilevile, hizo ni poliesta na poliesta hainywi rangi ya namna hii. Hapo kwa kweli nimependa, kitambaa kimezima na uzi unawaka.

Tahadhari tu, chuma kikizidi kinadhoofisha pamba, baada ya muda kitambaa kinaanza kukatika chenyewe. Kidogo kinatosha, na suuza sana. Kwa sababu hiyo sijakiweka kwenye mwili wa koti, ni kola na vifuko tu. Pande za bluu ya mbinguni nimezigeuza ndani nje nikatumia ule upande wa nyuma uliopauka, zikatulia bila kutiwa rangi yoyote. Wiki nzima ya chai na kutu na suluhisho lilikuwa kugeuza kitambaa.

29 Machi: koti limesimama

Kushona kwenyewe hakuna hadithi, saa 21, pande na pande, pasi kila mshono. Matatizo yalikuja mwishoni.

Moja, uzito. Nililipa koti bitana ya jinzi mbele yote, likawa ukilivaa mabega yanashuka kama umebeba dumu. Nimefumua, nimetia bitana ya shati la pamba. Kwenye mshono wa bega nimeshonea ndani ule ukanda wa mbele wa shati, unaobeba vifungo, kwa sababu umekunjwa na hauvutiki, unashika bega lisirefuke. Umefanya kazi vizuri sana.

Mbili, pande mbili za mbele zilikuwa na magoti yaliyochakaa mpaka unaona mwanga. Nimeweka kiraka kwa ndani na kupita juu yake kwa mkono, mishono ya kwenda mbele tu kwa uzi mweupe mnene, mistari iliyopangana, namna ile ya Wajapani wanayoiita sashiko. Ni taratibu, ukikaza uzi kitambaa kinajikunja, kila ukimaliza mstari ulainishe kwa kidole kabla hujageuka.

Gharama ya koti: kufumua 12.5, jaribio lililokufa 9, kielelezo 5, kukata 6, kushona 21, marekebisho 8.5, jumla saa 62. Sindano 9, nne za lile jaribio, tatu zimevunjika kwenye koti na mbili zimekuwa butu. Koni tatu kubwa za uzi wa poliesta.

7 Aprili: gauni la mashati

Baada ya jinzi, shati ni kama kushona karatasi. Safari hii sikuchora. Nimetundika mashati juu ya sanamu ya kuvalishia nguo, nikayapindua, nikayafunga kwa pini mpaka likatokea gauni, ndipo nikachora kilichotokea.

Kabla ya kukata kila shati nimelishika mbele ya dirisha. Viwiko na nyuma ya shingo hapo ndipo kitambaa kinapoisha, kwa macho ya kawaida hukioni ila mwanga unapita. Moja nilikuwa nimeshalitoa kabisa, yamebaki matano. Lile la sita ndilo lililoliwa kwenye bitana ya koti.

Kosa la hapa sikuliona likija. Nilitaka mbele ya gauni kushoto kutoke shati la mistari na kulia kutoke shati jeupe, kila upande na ukanda wake wa vifungo kama ulivyo. Nimeshona mwili mzima, nimepiga pasi, nakwenda kufunga vifungo, havikutani! Moja tundu zake zimeachana sentimita 9, jingine vifungo vimeachana 8 na nusu. Kifungo cha kwanza sawa, cha pili kinasita, ukifika cha tano gauni limepinda tumboni kama mtu aliyevaa gizani. Vifungo nimevikata nikavishona upya kufuata tundu, dakika arobaini, hasara ndogo kuliko aibu. Funga vifungo kabla hujashona chochote, basi.

Kola ya lile jeupe ilikuwa imelika kwenye mkunjo. Nimefanya ule ujanja wa mafundi wa zamani, unaifumua kola kutoka kwenye shingo yake, unaigeuza upande wa pili, unairudisha, palipolika panaangalia chini. Kola ikawa mpya. Ila kwenye shati jingine kile kitambaa cha kubandika cha ndani kilikuwa kimeshaachia, kola ina mapovu mapovu, hiyo hairekebishiki kwa pasi, nimejaribu, unaitoa tu na kubandika kingine.

Saa 19 zote. Sindano 1, na hiyo nilipita juu ya pini.

19 Aprili: mizani

Hii siku nimeiogopa kidogo. Kabla ya kuanza nilizipima zile jinzi saba, gramu 4,620. Leo nimepima koti, gramu 2,240, na ukitoa bitana, vifungo na uzi, jinzi iliyomo ndani ni kama gramu 1,980. Maana yake gramu 2,640 zimebaki sakafuni, zaidi ya nusu.

Makadirio yanayotajwa sana kwenye fani ni kwamba kukata nguo kutoka kitambaa kipya kunapoteza kama asilimia 15. Mimi na mradi wangu wa kuokoa dunia nimebakiza asilimia 57. Najua hesabu hizi hazilingani moja kwa moja, suruali ina zipu, mikanda, mifuko, mishono minene, jora halina hivyo. Lakini sitaki kusimama mbele ya watu na koti zuri nikaficha gunia nyuma ya mlango.

Kwa hiyo kitu cha tatu kikajichagua chenyewe, lazima kitoke kwenye gunia. Mikanda ya kiuno saba, kila mmoja kama sentimita 85, kitambaa tayari kimekunjwa na kimekakamaa. Nimeifuma kama ukili, mmoja juu mmoja chini, ikawa mkoba. Zile lupu, vitanzi vya kupitishia mkanda, nimeziacha na ndizo zinazoshika mpini. Mara ya kwanza nilifuma bila kubana na mkoba ukawa na madirisha, funguo inapita. Nimefumua, nimelowesha mikanda maji, nikafuma tena nikiwa nabana kila safu kwa vibanio vya nguo, zilipokauka zikashikana. Saa 11, na uzito gramu 890.

Zimebaki gramu 1,750. Nimekaa saa 4 nazikata vipande vidogo vya kujazia mto wa kukalia, na mto umetoka, ni mgumu kama gunia la mchanga. Sijauhesabu kwenye mradi. Kujaza taka ndani ya mto ni kuzihamisha taka, na kwenye maelezo yangu nimeandika hivyohivyo.

3 Mei: koti limevaliwa

Nimempa rafiki yangu alivae wiki nzima, sharti alivae kweli, apande gari, abebe vitu, asilitunze. Siku ya tatu kanipigia, "Shoga, koti lako limenichanikia kwapani nimenyoosha mkono tu."

Nikaangalia, uzi haujakatika, kitambaa ndicho kimechanika pembeni ya mshono. Mkono ni mrija ulionyooka na mwili umenyooka, ukiinua mkono hakuna pa kupumulia. Dawa yake ni ya siku nyingi, kikwapa. Nimefungua mshono pande zote mbili, nikatia kipande chenye umbo la almasi cha sentimita 12 kwa 12, kimekatwa mshazari ili kivutike, kutoka kwenye kile kitambaa cha kutu na chai kilichotoka vizuri. Dakika 50 kwa kila kwapa. Sasa anainua mikono yote miwili na koti halipandi.

Ingekuwa kwenye mchoro tangu mwanzo nisingehitaji kufumua. Vipimo vya pande sita na kikwapa viko hapo juu, anayetaka kufuata akiweke kikwapa kabla ya kufunga ubavu.

Ile jinzi ya kumi nimeivuta leo kuijaribu. Ni ya strechi. Nimeikunja nikairudisha kwenye begi, na miguu sijaifumua.